Sikio la Mfanya Kazi: Somo Juu ya Kusikiliza Nyimbo na Mazungumzo Wakati wa Kazi



Mwezi uliopita tulipita sokoni hapa Babati, tukasimama barazani kwa fundi cherehani mmoja, mama wa usharika wetu, ili kuchukua kanzu iliyokuwa imefumuka pindo. Mezani pake, karibu na mkasi, palikuwa na simu iliyokuwa ikisema. Watu wawili walizungumza humo juu ya ufugaji wa kuku. Mama alipotuona aliifunika simu kwa kipande cha kitambaa, kama mtu aliyefumaniwa, akasema, "Bwana asifiwe, Baba Mchungaji. Utuwie radhi." Tukamwuliza, "Tukuwie radhi kwa lipi, mama?" Akajibu, "Mume wangu husema, asikilizaye hafanyi kazi, na afanyaye kazi hasikilizi. Nami pasipo sauti hii mchana wangu hauishi. Je, ni uvivu? Ama ni dhambi?"

Siku ile hatukumjibu, na sababu yake tutaieleza mbele, maana yatuaibisha. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani tulitazama huku na huku, tukaona ya kuwa swali hili si la mama yule peke yake. Seremala alikuwa akipiga randa, na redio ikiimba dirishani. Kijana wa bodaboda alikuwa akingoja abiria karibu na stendi, na nyuzi za hedifoni zikining'inia masikioni mwake. Zamani redio ilikuwa moja kwa nyumba nzima, pengine moja kwa majirani wote; leo kila mtu anayo yake mfukoni. Tena yako mazungumzo yaliyorekodiwa, ambayo mtu huyapokea kwa simu na kuyasikiliza saa aitakayo. Nayo huitwa podikasti, jina lililoanza kuandikwa magazetini mwaka 2004. Humo mtu aweza kusikia habari za kilimo, za biashara, za afya, mahubiri, hadithi, na upuzi pia.

Basi tumeona yafaa kuandika somo hili, ili ninyi waalimu mlisome pamoja na washarika wenu, na kila mtu ajipime mwenyewe katika kazi yake.

1. Jambo hili si geni

Kwanza na tujue ya kuwa wazee wetu hawakufanya kazi kimya. Wanawake walitwanga kwa wimbo, mchi ukafuata mchi pasipo kugongana. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu toka Unyanyembe hata Bagamoyo, mwendo wa majuma mengi. Mbele alikwenda kirangozi, nao nyuma yake waliimba na kuitikiana chini ya mizigo. Unguja, watu walipojenga nyumba za mawe, sakafu ya chokaa iliyokuwa juu ya dari ilipaswa kupigwa siku kadhaa mpaka ishikamane. Wapigaji walikaa kwa safu, kila mmoja na kijiti chake, wakapiga kwa pamoja kwa kufuata wimbo. Kama kila mmoja angalipiga kwa saa yake, chokaa kingalipasuka.

Lakini labda hakuna nchi iliyolikuza jambo hili kama Usukuma. Huko vyama vya wakulima hulima shamba kwa mapigo ya ngoma. Mchezo wao wa jembe waitwa bugobogobo, nao wajulikana Tanzania nzima. Ngoma hupiga, majembe huinuka pamoja na kushuka pamoja, nalo shamba ambalo mtu mmoja angeliogopa humalizika kwa siku moja. Wasukuma hukumbuka ya kuwa katika karne ya 19 walikuwako mafundi wawili walioshindana, Ngika na Gumha, na kutoka kwao yametokea makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanayoshindana hata leo. Nyimbo zao za kazi ni nyingi hata mwanachuoni mmoja, Frank Gunderson, alizikusanya katika kitabu kinene kilichotoka mwaka 2010.

Hata katika Maandiko Matakatifu twaona jambo hili. Katika Hesabu 21 wana wa Israeli waliimba penye kisima kilichochimbwa jangwani. Na katika Isaya 16, nabii alipotaka kuonyesha ukiwa wa Moabu, alitaja mashamba ya mizabibu yaliyonyamaza, yasiyo na wimbo wala shangwe. Kwa hiyo asiyetaka kusikia wimbo wowote kazini hawafuati wazee, wala hafuati manabii. Dk. Martin Luther naye alipiga kinanda cha nyuzi, akatunga nyimbo, na kitabu cha kwanza cha nyimbo zake na za wenzake kilipigwa chapa mwaka 1524.

Walakini tuangalie tofauti moja. Katika nyimbo zile za kale mwimbaji na msikiaji walikuwa ni mtu yule yule. Aliyelima ndiye aliyeimba. Kinywa chake, sikio lake na mkono wake vilikuwa kazini pamoja, naye alimsikia mwenzake wa kulia na wa kushoto. Wimbo uliwafunga pamoja. Leo sauti yatoka kwa mtu aliye mbali, asiyetuona, nayo yaingia katika masikio ya mtu mmoja tu. Watu kumi waweza kufanya kazi katika chumba kimoja, na kila mmoja yuko katika nchi yake. Hilo ndilo jambo jipya, na juu ya hilo tutasema.

2. Msomaji wa Havana na redio ya viwandani

Mashine zilipokuja, wimbo wa kazi ulianza kukatika, kwa kuwa mashine haifuati mapigo ya mtu, tena ina kelele zake. Lakini watu hawakupenda kukaa pasipo neno wala sauti, wakatafuta njia nyingine. Tutataja mbili.

Katika kisiwa cha Kuba, mjini Havana, wako mafundi wakunjao sigara kwa mikono. Kazi hiyo ni ya kimya. Vidole vyajua njia, lakini akili yachoka kwa kukaa bure. Mwaka 1865, katika kiwanda kilichoitwa El Fígaro, wafanya kazi walianza desturi ya kumweka mtu mmoja asome kwa sauti, magazeti na vitabu, wakati wengine wakikunja tumbaku. Wenyewe walimlipa, na wenyewe walichagua kitabu. Hivyo watu wengi wasiojua kusoma walipata elimu nyingi. Mwaka 1866 serikali ya Kihispania ilikataza usomaji ule, kwa kuogopa ya kuwa watu wakijua mengi watadai mengi. Lakini baadaye desturi ilirudi. Hata aina moja ya sigara za Kuba yaitwa Montecristo, kwa jina la hadithi ya Mfaransa Alexandre Dumas, iliyopendwa sana na wakunjaji.

Ndugu wasomaji, yule msomaji wa Havana ndiye babu wa podikasti. Tena si yeye wa kwanza, maana katika karne ya 6 Benedikto aliagiza katika kanuni yake ya kuwa watawa wanapokula, mmoja wao asome, na wengine wanyamaze na kusikiliza.

Njia ya pili ni ya Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tarehe 23 Juni 1940, redio ya BBC ilianza kupeleka muziki viwandani, ambako watu walitengeneza silaha na vyombo vya vita. Kipindi hicho kilidumu hata mwaka 1967. Nacho hakikuwa cha siku nzima: kilikuwa nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, saa zile ambazo uchovu wa kazi ya kurudia-rudia huzidi. Waingereza walikuwa wamelichunguza jambo hili kabla ya vita, katika taarifa iliyotoka mwaka 1937, wakaona ya kuwa muziki wasaidia hasa pale kazi inapochosha kwa kuwa ni ile ile. Tena nyimbo zilichaguliwa. Zile za polepole sana zilitupwa, zisiwalaze watu. Nazo zile zinazomfanya mtu aache chombo ili apige makofi zilikataliwa.

Katika habari hizi mbili twapata fundisho moja. Watu wale walichagua neno kwa kuangalia kazi, wala hawakuiacha sauti itiririke kutwa kama bomba lisilofungwa.

3. Kazi za namna tatu

Basi yatupasa kuuliza: kazi yangu yataka sikio la namna gani? Sisi twaona kazi ni za namna tatu.

Namna ya kwanza ni kazi ya mikono iliyozoeleka. Kupukuchua mahindi, kupepeta mbaazi, kuosha vyombo, kupiga randa, kushona mshono mrefu ulionyoka: katika kazi hizi mkono hauombi shauri kwa akili kila mara. Akili iko huru, na akili iliyo huru haikai bure. Hurudia ugomvi wa jana, au huhesabu madeni. Hapa wimbo mzuri au mazungumzo yenye maana ni faida tupu. Mama yule wa cherehani amejifunza chanjo za kuku akiwa anashona sare za shule. Huo si uvivu. Huo ni kuuokoa wakati. Lakini hata yeye, afikapo mahali pa kupima na kukata, heri anyamazishe simu, kwa maana kitambaa kilichokatwa vibaya hakiungiki.

Namna ya pili ni kazi ya maneno na hesabu. Kuandika barua, kusoma, kufanya hesabu za duka, kutayarisha somo la kipaimara, kujifunza kwa ajili ya mtihani. Wengi husema, "Mimi nimezoea, naweza yote mawili." Lakini wazee walisema, mshika mbili moja humponyoka. Akili ina mlango mmoja wa maneno. Maneno ya kitabu na maneno ya wimbo hayapiti pamoja pasipo kusukumana. Wanachuoni wawili, Colle na Welsh, walilionyesha jambo hili mwaka 1976. Waliwapa watu herufi za kukumbuka kwa utaratibu wake, na wakati huo ikasomwa kwa sauti lugha ya kigeni wasiyoifahamu hata neno moja. Waliambiwa wasiisikilize. Hata hivyo walikosea zaidi kuliko walipokuwa katika kimya. Jicho lina kope, tena laweza kufumbwa; sikio halina kope, na maneno huingia hata yasipokaribishwa. Kwa hiyo mwanafunzi asomaye huku akisikiliza nyimbo zenye maneno ajiulize, si kama anafurahi, bali kama kesho atakumbuka. Akihitaji sauti ya kufunika kelele za mtaa, bora ngoma au kinanda kisicho na maneno, kwa sauti ya chini. Na kimya chapita vyote.

Namna ya tatu ni kazi ya hatari na kazi ya watu. Tumeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zataka sikio lililo wazi. Mwenye mashine ya kusaga huujua ukanda unaotaka kukatika kwa mlio wake, kabla macho hayajaona. Dereva mwema huisikiliza injini. Mvuvi wa Ziwa Babati, aliye katika mtumbwi wake alfajiri, hana budi kuzisikia pumzi za kiboko anapoibuka majini. Akiziba masikio yake kwa wimbo, labda ataimaliza safari yake kabla ya wimbo kumalizika. Tena mji wetu ni njia panda: magari makubwa yatoka Arusha, mengine yashuka kwenda Singida, mengine kwenda Kondoa na Dodoma. Kijana wa bodaboda mwenye hedifoni katika masikio yote mawili amejitia upofu wa nusu, na amempakia abiria katika upofu huo, bila kumwambia.

Someni Nehemia, mlango wa 4. Watu walikuwa wakijenga ukuta wa Yerusalemu, na adui walikuwa karibu. Wajenzi walifunga panga zao viunoni, wakajenga. Lakini ukuta ulikuwa mrefu, na watu walitengana mbali mbali. Kwa hiyo Nehemia alimweka mpiga tarumbeta karibu naye, akawaagiza ya kuwa popote watakapoisikia sauti ya tarumbeta, wamkimbilie hapo. Tafakarini, ndugu. Mikono yao ilikuwa na kazi, lakini sikio la kila mmoja lilikuwa limewekwa akiba. Mjenzi angaliweza kuimba. Hatusomi ya kuwa alikatazwa. Ila hakuwa na ruhusa ya kuimba hata asiisikie tarumbeta, maana tarumbeta ile haikuwa yake mwenyewe. Ilikuwa ya ndugu yake aliyeshambuliwa.

Hiyo ndiyo kanuni tunayotaka mwishike. Sikio la mfanya kazi ni la jirani yake kwanza. Luther alifundisha ya kuwa kazi ya mjakazi jikoni na ya baba shambani ni wito, kwa kuwa kwa kazi hiyo jirani huhudumiwa. Lakini tutamhudumiaje jirani ambaye hatumsikii?

4. Kosa letu wenyewe

Sasa tutaeleza kwa nini hatukumjibu mama yule siku ile.

Jumamosi moja tulikuwa ofisini tukitayarisha mahubiri ya kesho yake. Tulikuwa tumechoka, na maneno hayakuja. Basi tukatia hedifoni masikioni, tukafungua katika simu mahubiri ya mhubiri mmoja asemaye vizuri sana, tukawa tunasikiliza na kuandika, kuandika na kusikiliza. Kalamu ikakimbia. Tukaona tumepata msaada.

Kesho yake tulihubiri, na watu walisikiliza kwa utulivu. Tulipotoka nje, mzee mmoja wa kanisa alitushika mkono akasema, "Mchungaji, leo umesema maneno mazuri. Lakini hukusema nasi." Tukataka kumwuliza maana yake, lakini hakuhitaji kueleza. Tulijua. Maneno yale yalikuwa yameandaliwa kwa watu wa mji mwingine, wenye shida nyingine. Sisi tulikuwa tumeyachukua tu kama mpagazi achukuavyo mzigo asiojua yaliyomo.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa dogo. La pili lilikuja nyuma yake. Mama mzee mmoja alikuwa akitungoja chini ya mti. Akatuambia ya kuwa jana yake alikuwa amekuja kwetu, kwa miguu, kutoka upande wa mlima Kwaraa. Alipiga hodi mara tatu. Kisha alichungulia dirishani, akatuona tumeinamisha kichwa, macho yamefumbwa nusu, akadhani tuko katika sala. Akaona ni vibaya kumkatiza mchungaji anaposali, akarudi zake. Alikuwa ametumwa na mumewe mgonjwa. Mzee yule alitaka kusema neno nasi juu ya mwanawe wa kwanza, ambaye walikuwa hawasemezani miaka mingi.

Tuliondoka saa ile ile, hatukula. Tulipofika, mzee alikuwa hai, lakini hakuweza tena kusema. Alitutazama, akatushika mkono, midomo ikatikisika. Tulimzika juma lile. Neno alilotaka kusema hatulijui hata leo, wala mwanawe halijui.

Ndugu wapendwa, hatukuwa tukisikiliza upuzi. Tulikuwa tukisikiliza mahubiri! Hapo ndipo fundisho lilipo. Jambo jema lililo sikioni laweza kulifungia nje jambo jema lililo mlangoni. Tangu siku ile hatuandiki mahubiri tena na kitu masikioni, na mlango wa ofisi tumeuacha wazi.

5. Kusikia kusikoishia sikioni

Mtu asidhani ya kuwa twaichukia redio na mazungumzo yake. La, hasha. Nchi yetu imepata mema mengi kwa njia ya sikio. Kuanzia mwaka 1963 hata mwaka 1977 redio ya Walutheri, Sauti ya Injili, ilitangaza kutoka Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Watu walikusanyika nyumbani kwa mwenye redio, wakasikia pamoja.

Lakini mfano mkubwa kupita yote ni ule wa mwaka 1973, kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania walitayarisha vipindi juu ya malaria, kuhara, kichocho na maradhi mengine. Katika vijiji vya nchi nzima viliundwa vikundi vya kusikiliza, na watu karibu milioni 2 walishiriki. Angalieni utaratibu wao. Kila juma walikusanyika, wakasikia kipindi, wakasoma kijitabu, kisha kiongozi aliuliza, "Je, hapa kwetu ikoje? Tufanye nini?" Baada ya maneno walishika majembe: wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Sikio lilikuja kwanza, kinywa kikafuata, na mkono ukamaliza.

Wairaqw na Wagorowa, wenyeji wa nchi hii ya Babati, wana maneno ya baraka yaitwayo slufay. Mzee husema mbele ya watu, nao watu humwitikia, na mwitikio wao ni sehemu ya neno lenyewe. Basi hapa pana udhaifu mkubwa wa mazungumzo ya simuni: hayangoji mwitikio. Yakimalizika haya, mengine huanza. Mtu aweza kusikiliza mwaka mzima habari za kilimo bora, na shamba lake likabaki lile lile. Naye aweza kufikiri ya kuwa amejifunza, kumbe amesikia tu. Usikiapo jambo jema katika kazi, ulitafutie mwitikio: mwambie mtu mmoja jioni, au jaribu jambo moja katika juma hilo. Usipofanya hivyo, sauti ile imekupitia kama basi lisilosimama.

6. Masikio yenyewe

Neno fupi juu ya afya. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 wamo katika hatari ya kupungukiwa na kusikia, kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa mno. Sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Shirika hilo lasema, sauti ya desibeli 80 mtu aweza kuisikiliza saa 40 kwa juma pasipo madhara. Lakini ikifika 90, ni saa 4 tu kwa juma. Tazameni jinsi akiba inavyopungua upesi! Shauri lao ni kwamba sauti ya simu isipite sehemu 60 katika 100 za nguvu yake. Tena, atiaye hedifoni ili kuzishinda kelele za mashine huongeza kelele juu ya kelele. Sikio likiisha kuharibika kwa njia hii halirudi kama lilivyokuwa. Wazee walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Na sikio lililoharibika halimsikii hata mjukuu.

7. Mashauri machache

Kwanza, chagua kabla ya kuanza. Usifungue simu na kupokea lolote lijalo. Neno likuingialo kutwa nzima ndilo litakalotoka kinywani mwako jioni.

Pili, angalia kazi. Kama ni ya mikono, sikiliza; kama ni ya maneno, nyamazisha; kama ni ya hatari, ondoa kabisa.

Tatu, mtu akija, sauti ikome kabla hajaketi. Muuza duka aongeaye na mteja akiwa na hedifoni katika sikio moja amempa mteja nusu ya uso wake. Kadhalika baba na mama, mtoto ajapo na neno lake.

Nne, usiwafunge wenzako kwa sauti yako. Wimbo upendwao nawe waweza kuwa kero kwa aketiye karibu. Mkifanya kazi wengi, shaurianeni kama walivyofanya wale wa Havana.

Tano, weka saa moja ya kimya katika kila siku ya kazi. Mwanzoni itakuwa ngumu, kwa maana katika kimya mtu hukutana na mambo aliyokuwa akiyakimbia. Lakini mara nyingi shauri jema, na kumbukumbu ya mtu uliyemsahau, huja katika saa hiyo.

Juma lililopita tulirudi kwa mama wa cherehani, tukamjibu. Tulisema, "Mama, si uvivu wala si dhambi. Shona na usikilize. Ila hedifoni usitie. Acha sauti mezani, uweze kuisikia hodi." Kisha tukamweleza habari ya mzee wa Kwaraa. Alinyamaza kitambo, sindano ikasimama. Akasema, "Na mume wangu, Baba Mchungaji, tumwambieje?" Tukamwambia, "Mwulize jioni, kuku wenu wana hali gani tangu ulipojifunza chanjo." Akacheka, akaiondoa ile kitambaa juu ya simu.

Maswali ya kuzungumza

1. Wazee wa kwetu waliimba katika kazi zipi? Ni nani anayezikumbuka nyimbo hizo, na vijana wamezisikia kwake?
2. Kazi yako ni ya namna ipi katika zile tatu? Ni saa gani yabadilika kuwa ya namna nyingine?
3. Someni Nehemia 4. Katika mtaa wetu, tarumbeta ni nini? Ni nani anayepiga hodi bila kusikiwa?
4. Taja jambo moja jema ulilosikia redioni au simuni mwezi huu. Umelifanyia nini?
5. Je, wako vijana wa bodaboda katika usharika wetu? Nani atakwenda kusema nao kwa upole, naye atasema nini?